Dakika Arobaini na Nane

Kambi Muru, Kibera
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Mpwa wangu Trizah,

Pole kwa kufiwa na mama. Nami naiomba pole yako, kwa maana Sella alikuwa mama yako kwa miaka thelathini na minne na dada yangu kwa sitini na mitatu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu humtaka mtu ajibu kabla hajafikiri, na jambo la Jumamosi linahitaji maelezo yaliyonyooka. Bi Bakhita, mwenye nyumba wangu, anakuja huko Kawangware kuchukua gauni ulilomshonea. Nimempa barua hii akukabidhi mkononi.

Unakumbuka nilivyopiga hesabu. Kutoka uwanja wa Wilson hadi uwanja wa Kisumu, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita mia mbili na sabini hivi. Kwa barabara huzidi mia tatu na arobaini, kwa sababu gari halina budi kuteremka Bonde la Ufa na kupanda tena upande wa pili, ilhali ndege hulivuka bonde lile kama mtu anayeruka mtaro. Chukua ndege ndogo ya abiria iendayo kilomita mia nne na hamsini kwa saa. Hizo ni dakika thelathini na sita. Ongeza kumi na mbili za kupaa na kushuka: arobaini na nane. Ndege ingeondoka saa mbili na dakika ishirini asubuhi na kutua saa tatu na dakika nane. Kutoka Kisumu hadi kwenu Butere ni saa moja na nusu kwa gari. Ndiyo maana niliwaambia wazee wa kwenu waweke mazishi saa saba, kwamba saa tano, hata nikichelewa, ningekuwa nimekwisha kufika.

Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la anga. Tulipaa vizuri. Tulipokaribia Mau tukakuta mawingu mazito, rubani akaona heri kugeuza, tukarudi Wilson. Simu yangu nayo ilikuwa imeisha chaji.

Waeleze wazee hivyo. Waambie watu wa kwao Sella walikuwa njiani.

Ni mimi mjomba wako,
Mwl. Isaac Murunga (mstaafu)


Kawangware
19 Novemba 2024

Mjomba mpendwa,

Nilipoona mwandiko wako nililia kabla sijafungua. Nilikuwa nimeanza kuwaza mabaya, simu yako siku mbili haishiki. Kumbe ulikuwa angani na mawingu. Mungu ni mwema, mlirudi salama. Tungezika wawili.

Acha nikwambie kulivyokuwa, kwa sababu utasikia kwa wengine na wataongeza chumvi.

Kaburi lilichimbwa alfajiri. Saa tano tukatoa viti vya watu wa kwao mama, viti vinne, nikasema kimoja kinatosha, mjomba anakuja peke yake, wengine wote walikwisha tangulia. Saa sita Baba Mkubwa Timothy akaenda kusimama langoni. Unajua desturi kuliko mimi: mke hazikwi mpaka watu wa kwao wafike, wamwone uso, waseme huyu ni wetu, alikaa kwenu vizuri, tumewaachia. Saa saba padri akaanza kuangalia saa. Nikawaambia, mjomba ni mwalimu, akisema saa ni saa. Saa nane nikasema tena. Mmoja wa vijana akauliza yuko wapi huyo mjomba sasa hivi, nikasema yuko angani. Akatazama juu, akasema, "Basi ashuke." Watu wakacheka, mjomba. Msibani.

Saa kumi mvua ikaja kutoka upande wa ziwa. Kaburi haliwezi kulala wazi, hilo pia unalijua. Baba Mkubwa akaniuliza mimi, mbele ya watu, wafunge jeneza au wasifunge. Nikasema wafunge. Mkewe akasema, si kwa sauti kubwa lakini nilisikia, "Kumbe Sella tulimuokota barabarani."

Hilo ndilo limebaki. Lakini sasa nitawaambia habari ya mawingu. Wamama wa chama waliochanga tiketi yako wanakusalimu sana, na wanasema hakuna wa kulaumiwa.

Wako,
Trizah


Kambi Muru
25 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu.

Ili Mzee Timothy aelewe vizuri, nimemchorea ramani, nimeiambatisha hapa. Mstari wa buluu ni njia ya ndege. Alama ya msalaba, hapo magharibi ya Naivasha, ndipo tulipogeuza, baada ya dakika kama ishirini na mbili hivi. Mwonyeshe kwamba tulikuwa karibu nusu ya njia. Mweleze pia kwamba mawingu ya Novemba katika nyanda za juu hufanyika pale hewa yenye unyevu kutoka ziwani inapopanda mlima na kupoa. Ni jambo la kawaida la kijiografia, wala halina dharau ndani yake.

Blanketi nililomnunulia dada yangu, ambalo watu wa kwao walipaswa kumfunika nalo kabla ya jeneza kufungwa, lingali katika begi ulilonishonea. Sijalitoa.

Mwl. Isaac Murunga (mstaafu)


Kawangware
11 Januari 2025

Mwalimu Murunga,

Juzi alikuja mteja anaitwa Kyalo, anataka suruali ipunguzwe. Alipokuwa akingoja akaona begi nimetundika ukutani, la vipande vya sare za shule, buluu na kijivu, na mshipi mwekundu. Akasema, begi kama hii ilituchelewesha kazini mwezi wa kumi na moja. Nikamuuliza kazi gani. Anapakia mizigo Wilson.

Mabegi hayo nimeshona mawili tu. Moja liko ukutani.

Akanisimulia huku akicheka, hakujua anamsimulia nani. Alisema kulikuwa na mzee mmoja amevaa tai, amekaa pale pa kungojea, anawaelezea abiria wote ni kilomita ngapi mpaka Kisumu na dakika ngapi, mpaka mama mmoja akasema huyu mzee ndiye rubani. Watu wakapanda. Mzee haonekani. Wakaita jina lake mara tatu. Ndege haiwezi kubeba begi la mtu ambaye hayumo, kwa hiyo Kyalo akapanda tena tumboni mwa ndege, akatoa mizigo mpaka akafikia begi lile, akalishusha. Walikupata nje karibu na lango. Ulichukua begi lako, ukasema asante, ukaondoka kwa miguu.

Nilimuuliza, ile ndege ilirudi? Akasema, irudi kwa nini, ilifika. Anga lilikuwa safi kabisa.

Nilipokuwa darasa la sita ulikuwa unanitaka nikuandikie barua kila likizo, na kila barua ilinirudia na wino mwekundu. Leo nakurudishia zako mbili na ramani. Kila sentensi ya uongo nimeipigia mstari mwekundu. Ramani nimeiacha ilivyo kwa sababu ningelazimika kuipaka rangi yote.

Nilimpa Baba Mkubwa nakala ya ramani hiyo Krismasi. Aliikunja akaiweka kwenye Biblia.

Trizah


Kambi Muru
17 Januari 2025

Trizah,

Ni kweli, yote aliyosema Kyalo.

Niliogopa. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mitano, nimewaeleza watoto kwa nini ndege haianguki, hewa inavyopita juu ya bawa na chini yake, na katika maisha yangu sijawahi kukanyaga ndani ya ndege hata moja. Naishi chini ya njia yao. Hapa Kambi Muru zinapita juu ya bati kutwa nzima, majirani huniuliza ile inaenda wapi, nami huwaambia: ile Kisumu, ile Lodwar, ile Maasai Mara. Hawajawahi kuniuliza kama nimewahi kupanda, nami sikuwahi kusema.

Siku ile niliiona kwa karibu. Ni ndogo. Walituuliza kila mmoja uzito wake, na nilielewa sababu ya kuuliza, maana nimelifundisha jambo lenyewe, lakini miguu ilikataa. Mzee wa miaka sitini na saba aliogopa. Niliona aibu kulisema, nikaona mawingu yana heshima zaidi.

Nisamehe.

Isaac Murunga


Kawangware
24 Januari 2025

Mwalimu,

Uoga naweza kuusamehe. Mimi mwenyewe naogopa lifti.

Lakini nimefanya hesabu, kwa sababu ulinifundisha. Ulitoka Wilson kama saa mbili na nusu. Mabasi ya kwenda magharibi yanaondoka mjini saa tatu, saa nne, saa tano. Ungeshika la saa tatu ungekuwa Butere saa kumi na moja. Ungetukuta tumezika lakini bado tumekaa. Ungesema neno lako kaburini na mke wa Baba Mkubwa angemeza lake. Au ungekuja Jumapili. Au Jumatatu.

Ulikuwa wapi?

Trizah


Kambi Muru
2 Machi 2025

Trizah, mwana wa Sella,

Swali lako ni fupi, na limenichukua wiki tano.

Nilikuwa hapa. Kutoka Wilson hadi mlangoni kwangu ni mwendo wa nusu saa, nami niliutembea na begi begani. Nikafunga mlango, nikazima simu kwa mkono wangu, nikalala na viatu. Muda kidogo baadaye ikapita juu ya bati. Nilijua ni ile. Kwa kunishushia begi walikuwa wamepoteza zamu yao ya kupaa, wakachelewa karibu saa nzima, na hakuna nyingine ya Kisumu saa hizo. Sikusogea hadi Jumatatu. Bi Bakhita alijua. Kati ya chumba changu na chake ni bati moja, na nina kikohozi. Mtaa mzima ulidhani nimesafiri kwenda kuzika. Jumapili aligonga, akaacha bakuli la uji mlangoni, akaenda zake. Mpaka leo hajaniuliza kitu. Kila mara ninapompa barua akuletee huipokea kwa mikono miwili.

Sasa nakueleza lile ambalo nimekuwa nikilizungukia. Ukiona limefanana na somo, nivumilie, sijui namna nyingine ya kusema.

Mama yako alikuwa kidato cha pili, wa tatu katika darasa lake. Mimi nilikuwa nimepata nafasi ya chuo cha ualimu, na nyumbani hapakuwa na karo. Babu yako akampokea mchumba wake. Ng'ombe waliokuja wakanisomesha. Alikuwa na miaka kumi na sita. Asubuhi anaondoka alinipa jiometri yake, ile seti ya bikari na rula katika kopo, akaniambia, "Wewe utaitumia." Hakusema kwa uchungu. Afadhali angesema kwa uchungu.

Nilikuwa namtembelea kila mwaka, halafu kila baada ya miaka mitatu, halafu nikaacha. Mara ya mwisho ni miaka kumi na mmoja iliyopita. Kila alipopiga simu kuuliza utakuja lini, nilimweleza umbali. Nilimwambia kilomita, nilimwambia saa nane za basi, nilimwambia mgongo wangu. Alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Kweli, ni mbali, kaka." Naye alikuwa anajua, Trizah, kwamba watu wa Butere wanakuja Nairobi na kurudi kila wiki wakiwa na kuku.

Halafu mkaninunulia tiketi. Nilikaa pale Wilson nawaeleza watu dakika arobaini na nane, arobaini na nane, na nilipoisema mara ya nne au ya tano nikaisikia. Ni muda wa kipindi kimoja cha shule na kengele yake. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimejificha nyuma ya umbali, na umbali wenyewe ni kipindi kimoja. Baada yake ningesimama mbele ya wakwe, nimtazame uso, niseme: huyu ni wetu, alikaa kwenu vizuri, tumewaachia. Mimi niseme hivyo. Mtu aliyekula ng'ombe wa mahari yake aseme amemwachia nani? Tulikuwa tumemwachia tangu ana miaka kumi na sita.

Ndege ilikuwa ndogo, na nilitishika, hilo si uongo. Lakini hata ingekuwa kubwa kama kanisa nisingepanda. Nisingepanda basi pia.

Wewe ulibaki langoni ukinisemea. Uliambiwa mama yako aliokotwa, na ulipoambiwa hivyo nilikuwa nimelala na viatu.

Barua zangu ulizonirudishia ninazo. Mstari wako mwekundu umepita sentensi moja bila kuigusa, ile ya barua ya kwanza, kwamba hesabu haikuwa na kosa. Ipigie mstari hiyo pia.

Isaac


Kawangware
20 Julai 2025

Mjomba,

Nimekaa na barua yako miezi minne. Kwanza nilitaka kuichoma. Halafu nilimsomea Bakhita akiwa amekuja kupimwa gauni, akasema, "Mpe kazi ya kufanya." Akasema babu zao Wanubi walikuwa askari, mtu akitoroka hawakumuuliza alijisikiaje, walimrudisha palepale alipotoroka.

Basi kazi yako ni hii. Tarehe 16 Agosti, Jumamosi, wanasakafia kaburi la mama kwa saruji. Nilimpigia Baba Mkubwa nikamweleza ukweli wote, hata wa ng'ombe. Akasema ile ramani ameitoa kwenye Biblia. Akasema watu wa kwao Sella bado wanaweza kuja. Udongo bado ni udongo. Blanketi wanaweza kulifukia juu yake, na neno linaweza kusemwa. Wakishamwaga saruji hakuna tena mlango.

Hakusema utapokelewa vizuri. Mimi pia sisemi.

Mimi siendi. Nina sare za shule tatu za kumaliza kabla ya muhula, lakini hiyo siyo sababu, na nimejifunza kutotoa sababu ambayo siyo. Siendi kwa sababu nilikwisha kukungoja kule mara moja.

Usije kunieleza utasafiri na nini wala itachukua muda gani. Ukirudi, pitia kwangu. Kutoka Kibera mpaka hapa unaweza kutembea, na tangu msiba hujawahi.

Trizah


Nje ya lango la Mzee Timothy, Butere
16 Agosti 2025

Trizah,

Naandika juu ya begi, kwenye goti. Barua hii sitampa Bi Bakhita. Nitaileta mwenyewe.

Nimekuja kwa ndege. Kyalo ndiye aliyepokea mizigo. Alilitazama begi, akanitazama, akasema, "Mzee, leo inaenda?" Nikamwambia inaenda. Walipoita jina langu niliitika mara ya kwanza. Mama aliyeketi karibu nami, ilikuwa safari yake ya kwanza, aliniuliza kama Kisumu ni mbali. Nikamwambia sijui, mama. Akanishika mkono tulipopaa, na sina hakika nani alikuwa anamshika mwenzake. Saa yangu nilikuwa nimeifungia ndani ya begi, pamoja na blanketi.

Nilifika hapa kabla ya saa sita. Nikabisha. Mzee Timothy akaja hadi langoni, akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia. Nilikuwa nimetayarisha maneno, mengi, unanijua. Akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, tulikungoja kuanzia saa sita mpaka saa kumi." Akafunga lango, akarudi kukaa na wazee wengine chini ya turubai.

Nimeelewa. Nimeketi hapa kwenye jiwe. Wapita njia wanauliza ni nani huyu mzee, na watoto wa hapa wanawajibu, ni ndugu yake marehemu Sella, amechelewa. Wanalisema bila ubaya. Mafundi wamekwisha changanya mchanga, mifuko ya saruji bado imefungwa. Kitambo kidogo mke wa Mzee Timothy alikuja na maji ya kunywa, akanipa kikombe kupitia kwenye ua. Nilikunywa nikamrudishia. Alisimama. Akasema, "Una mdomo wake." Akaenda.

Kaburi naliona kutoka hapa. Liko kushoto kwa nyumba, karibu na mgomba. Majani yameota juu yake, mtu ameyakata vizuri kandokando.

Vivuli vimeanza kulala upande wa mashariki. Mzee Timothy amesimama, anavaa koti. Nadhani ni saa kumi. Anakuja.

Kutoka langoni hadi kwa mama yako ni hatua kama arobaini. Sijui zitachukua muda gani.

Mjomba wako,
Isaac